Boneti Inayobanduka na Walawi 14

Ni nadra Dominika ipite bila gari moja kusubiri maji ya baraka nje ya kanisa letu baada ya Misa ya pili. Tunayaita magari mapya. Mengi yamekwisha kutembea miaka kumi katika barabara za Nagoya au Yokohama kabla ya kupanda meli kuja Dar es Salaam, lakini namba ni mpya, nailoni za viti bado hazijatolewa, na mwenye gari amevaa kama anayekwenda harusini. Namwombea dereva, naombea breki, nawaombea watakaokuwa wakitembea kwa miguu kando ya barabara atakazopita. Rangi sijawahi kuiombea.

Hata hivyo, rangi ndiyo inayowarudisha watu ofisini kwangu. Breki zikiharibika, mtu huenda kwa fundi. Rangi ikibanduka, huenda kwa fundi, kwa muuzaji, kwa dalali, kwa shemeji yake aliye polisi, na mwisho wa yote kwa padre. Kasoro ya rangi humkumbusha mtu kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena humkumbusha kila asubuhi, majirani wakiwa wanaona.

Hivi karibuni nilizungumza kirefu na baba mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake wala yadi aliyonunulia. Alichukua gari dogo la rangi ya fedha. Alilikagua jioni, chini ya taa, likiwa limetoka tu kuoshwa. Wenye uzoefu mtatabasamu hapo, maana gari lililolowa maji halionyeshi mkwaruzo, na taa za yadi hazikuwekwa ili kumsaidia mnunuzi. Masika yalipoanza, ukingo wa boneti ulifanya weupe kama wa maziwa yaliyomwagika, kisha klia, yaani lile koti la juu linaloleta mng'ao, likaanza kubanduka vipande vipande kwa kucha tu. Kwenye fenda ya kushoto yakatokea malengelenge. Fundi alitoboa moja kwa ncha ya bisibisi, yakatoka maji, na chini yake puti nene, na chini ya puti kutu nyekundu.

Alipompigia muuzaji, jibu lilikuwa fupi: "Kwani injini ina shida?"

Kabla ya kwenda kwenye Maandiko, inafaa tuielewe rangi yenyewe, kwa sababu mashauri mengi mabaya hutolewa na watu wasiojua kitu wanachokishauri. Kiwandani, bodi tupu la chuma huzamishwa lote kwenye hodhi la praima yenye chaji ya umeme, ili kinga ya kutu iingie hata katika pembe ambazo bomba la kupulizia halifiki. Juu yake huja praima ya pili, halafu rangi, halafu klia. Vyote hivyo hukaushwa katika matanuri yenye joto la nyuzi 140 na zaidi. Na ukijumlisha makoti yote, unene wake kwa kawaida hauzidi mikroni 150 au karibu na hapo, sawa na nywele mbili zikilazwa moja juu ya nyingine. Huo ndio ukuta wote kati ya chuma na hewa ya chumvi ya pwani yetu.

Gari likishafungwa nyaya, viti na plastiki, haliwezi kurudishwa kwenye joto lile. Gereji yenye tanuri hukausha kwa nyuzi 60 hivi, ikisaidiwa na hadina iliyochanganywa kwenye rangi. Gereji ya chini ya mwembe hutegemea jua na upepo, na upepo hauji peke yake, huja na vumbi. Kompresa isiyochujwa vizuri hutema maji na mafuta pamoja na rangi, ndiyo maana utaona vishimo vidogo vya mviringo ambapo rangi imekataa kushika. Nasema haya bila kumdharau mtu. Wapo mafundi rangi katika jiji hili ambao kazi yao huwezi kuitambua mpaka ulete kipimo cha unene, kile kinachobandikwa kwenye bati na kusoma mikroni. Kupaka gari rangi upya si kosa, wala si dalili ya utapeli.

Zipo kasoro za juu. Uso uliovimbavimba kama ganda la chungwa, ambao hata magari yaliyotoka kiwandani leo huwa nao. Chembe za vumbi zilizonaswa kwenye klia. Mistari ya duara iliyoachwa na kitambaa chenye mchanga cha kijana wa kuosha magari. Alama za mavi ya ndege yaliyoachwa juani siku nzima. Bampa kuwa na rangi tofauti kidogo na mlango, kwa sababu bampa ni plastiki na mara nyingi hupakwa mbali na bodi. Nyingi kati ya hizo hupungua au huisha kabisa kwa msasa laini namba 2000, kompaundi na mashine ya kung'arishia mikononi mwa mtu mwenye subira. Kugombana na muuzaji kwa ajili ya hizo ni kutafuta ugomvi, na nimewaambia hivyo waumini kadhaa, wengine hawakupenda.

Na zipo kasoro zinazotoka chini: malengelenge, nyufa katika puti, uvimbe pembezoni mwa upinde wa tairi, klia inayovuka kama ngozi. Hizi hakuna kinachopakwa juu kikazitibu. Puti hunywa maji. Kutu ikishapata maji na hewa chini ya puti, inafanya kazi usiku na mchana hata gari likiwa limeegeshwa.

Fundi alimpa baba yetu bei mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukwangua mpaka chuma, kukata kilichooza, kuchomelea bati jipya, kupiga praima, puti kidogo, kisha koti za rangi na klia. Ya pili ilikuwa theluthi tu ya hiyo: kusugua juu juu, kuziba, kupuliza. "Halafu unaliuza kabla ya vuli, mzee. Hakuna atakayejua."

Swali alilonijia nalo halikuwa kama muuzaji wake ametenda dhambi. Hilo alikuwa ameshalihukumu mwenyewe siku nyingi. Aliuliza: "Padre, mimi nililipa bei ya gari zima. Nikiliuza kama nilivyouziwa, nimemwibia nani? Si najirudishia changu?"

Tulisoma pamoja Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Ni sehemu ambayo haipati nafasi mimbarini mara nyingi, kwa kuwa inahusu ukuta wa nyumba wenye madoa, na mhubiri hujiuliza aseme nini juu ya lipu. Lakini mtu mwenye malengelenge kwenye fenda huielewa upesi.

Sheria inaanzia kwa mwenye nyumba. Yeye ndiye anayekwenda kwa kuhani kusema kwamba ameona kitu kama pigo nyumbani mwake. Hakuna jirani aliyemshtaki, wala mkaguzi aliyebisha hodi. Anajua kwamba safari hiyo inaweza kumgharimu nyumba nzima, na anakwenda. Tena anasema kwa tahadhari, kwamba anachokiona kinaonekana kuwa pigo. Haongezi chumvi, hafichi. Kuhani naye, kabla ya kuingia, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili vilivyomo visije vikatangazwa najisi pamoja na nyumba. Nimeipenda sana amri hiyo. Torati, ambayo watu wengi huidhania kuwa kali tu, hapa inahangaika na vyungu na mikeka ya mtu, asipate hasara kubwa kuliko inavyolazimu.

Kuhani akiingia, anatazama rangi ya madoa, kama ni ya kijani au nyekundu, na anatazama kama yameingia ndani kuliko uso wa ukuta. Swali la kina ndilo swali lake. Kisha anatoka, anafunga nyumba siku 7, anarudi kutazama tena. Likiwa pigo limeenea, mawe yenye doa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa pande zote za ndani, kifusi chake nacho kinatupwa nje, ndipo yanapowekwa mawe mengine na lipu nyingine. Likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa, mawe, miti na lipu.

Nilimwomba baba yule anionyeshe mahali ambapo lipu mpya inatangulia kukwangua. Hakuna. Kwa kuhani wa Walawi, kupaka juu ya doa si njia ya gharama nafuu, haimo kabisa katika hesabu. Ezekieli, katika sura yake ya 13, aliwakemea manabii waliopaka chokaa ukuta uliokuwa dhaifu, na hasira yake ilikuwa kwa wapakaji, ambao walijua ukuta ulivyo na bado wakashika brashi.

Akanijibu vizuri, na ninaandika jibu lake kwa sababu wengi wenu mngejibu hivyo hivyo: "Lakini mwenye nyumba ile hakuuziwa na tapeli." Ni kweli. Ndiyo maana tukaenda mbele kidogo, kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa Theologiae, kwenye swali la 77 la sehemu inayohusu haki, aliuliza mambo haya haya kuhusu wauza farasi na nyumba wa karne ya 13. Anasema muuzaji anayeificha kasoro inayomletea mnunuzi hasara au hatari anatenda dhambi na anadaiwa fidia. Muuzaji ambaye hakujua hana dhambi, ila siku atakapojua, deni la kufidia linaanza. Na kasoro iliyo wazi, mathalani farasi chongo, si lazima itangazwe, mradi bei imepunguzwa inavyostahili, kwa sababu mnunuzi ana macho.

Farasi chongo alitusaidia kuliko nilivyotegemea. Kama baba huyu angeliuza gari lake vilevile lilivyo leo, klia ikining'inia, kwa bei ya gari lenye klia inayoning'inia, asingelazimika kusema maneno mengi. Aibu ya boneti ingejisemea. Lakini ya fenda, iliyo chini ya puti, ingebaki kwake kuitamka. Fundi, kwa bei yake ya pili, alikuwa anamwomba afanye kinyume: alichukue gari chongo alitengenezee jicho la bandia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakijitembezi tena, kinapulizwa rangi kikakaa barabarani kikijiuza chenyewe.

Ndugu zetu Waislamu, ambao tunafanya nao biashara kila siku katika jiji hili, wana mafundisho yaleyale. Mtume wao, katika Hadithi iliyo maarufu, alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini ya ile kavu, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiiweke iliyolowa juu, watu waione. Na fikihi yao humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa iliyokuwa na aibu ya kufichwa. Sheria yetu ya nchi ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inamlinda mnunuzi kwa kiasi, isipokuwa pale ambapo alikagua mwenyewe na kasoro ilikuwa ya kuonekana katika ukaguzi wa namna ile. Kwa hiyo, wapendwa, kagueni asubuhi. Gari liwe kavu, jua liwe upande, jicho litembee kwa urefu wa bodi. Tazameni raba za vioo kama zina rangi iliyopuliziwa. Tazameni nati za fenda kama zina alama za spana. Chukueni sumaku ndogo mkaifunge kitambaa. Mahali penye puti nene haishiki. Haishiki pia kwenye bampa la plastiki wala kwenye bati la aluminiamu, msije mkamshtaki mtu bure.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi katika biashara hii, nalo ni karatasi ya mnada. Magari mengi tunayonunua yamepita kwenye minada ya Japani, na huko mkaguzi huchora ramani ya gari na kuandika kila aibu mahali pake. Herufi A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa au kutengenezwa, X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa, na namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro. Gari lililopata ajali na kutengenezwa hupewa daraja la R. Fikirini hilo. Mtu aliye upande wa pili wa bahari, asiyewajua ninyi wala watoto wenu, ameandika kwenye ukurasa mmoja ukweli kuhusu fenda ya gari lenu. Ukweli huo unaweza kuja hadi Dar es Salaam. Unapotelea katikati ya mikono: mwagizaji anauweka kwenye droo, yadi haiuulizi, dalali hataki kuujua, na mnunuzi anapata gari bila karatasi. Wakati mwingine ukweli unapotea hapa hapa, gari likigongwa baada ya kushushwa na kupulizwa rangi kabla ya kuuzwa. Vyovyote iwavyo, mpaka malengelenge yatokee, kila mmoja katika mnyororo anaweza kusema kwa unyofu wa nusu kwamba hakujua.

Baba yetu hakuwa tena na nafasi hiyo. Alikuwa ameona kutu kwa macho yake, fundi akiwa ameshika bisibisi. Kama muuzaji wake alijua, basi alikuwa anaombwa sasa kuwa kama muuzaji wake. Kama muuzaji hakujua, baba yetu angekuwa mtu wa kwanza katika mnyororo wote, kutoka Japani mpaka Tabata hapa jijini, kudanganya kwa kukusudia. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akacheka kwa uchungu: "Kwa hiyo mimi ndiye nitakuwa mwanzilishi?"

Kuhusu kumfuata muuzaji, nilimshauri njia ya Mathayo 18, ambayo tunaipitisha kwenye ugomvi wa kwaya na kuisahau kwenye biashara. Nenda kwake kwanza, ninyi wawili, ukiwa na picha na maneno ya fundi. Asiposikia, nenda na mmoja au wawili. Usianze na kundi la WhatsApp la mtaa, maana ukishalitaja jina la mtu pale, hata ukija kugundua kwamba naye aliuziwa, hulifuti tena. Alikwenda. Muuzaji alimpa chai, akampa pole, akajitolea kumpulizia boneti bure kwa fundi wake. Fedha hakurudisha. Ofa ya boneti aliikataa, kwa kuwa alishamwelewa fundi huyo ni wa bei ipi.

Wanunuzi nao nina neno nao. Mithali 20:14 inamfahamu mnunuzi anayelalamika kwamba bidhaa ni mbovu, mbovu, kisha akiondoka nayo anajisifu. Yule anayezua kasoro zisizokuwepo ili ashushe bei anamfundisha muuzaji kutokusema zilizopo. Nimekaa na wenye yadi wawili watatu wakiniambia jambo hilo: wakisema ukweli wa mkwaruzo mmoja, mnunuzi anaufanya kumi. Si udhuru wa kuficha kutu. Lakini imani inapotea sokoni kwa mikono ya pande zote mbili, na anayekuja kuungama dhambi ya muuzaji wake atazame pia mdomo wake mwenyewe siku ile ya kupatana bei.

Na wale mnaouza na mkaja kwenye kitubio: ondoleo la dhambi halizibi tundu kwenye fenda ya mwenzako. Kanisa hufundisha kwamba aliyesamehewa bado ana wajibu wa kurekebisha, kwa kadiri awezavyo, hasara aliyoisababisha. Zakayo hakungoja kuambiwa, alitaja kiwango mwenyewe akiwa bado amesimama na wageni nyumbani.

Baba yetu alitengeneza fenda kwa bei ya kwanza, boneti akaiacha kwa sababu fedha ziliisha. Sikumwahidi kwamba Mungu atamrudishia mara mbili. Mahubiri ya namna hiyo yapo ya kutosha mjini, na mwenye nyumba wa Walawi hatukusoma popote kwamba alilipwa mawe yake. Hasara ilikuwepo tangu siku gari lilipozibwa puti juu ya kutu, na lazima iangukie mtu fulani. Alichokuwa anaamua ni kama itamwangukia yeye, anayejua, au mtu mwingine asiyejua.

Tangazo lake la kuuza liliandikwa hivi: boneti klia inabanduka, fenda ya kushoto imekatwa kutu na kupakwa upya, picha za kazi zipo. Simu zilikuwa chache, na wengi wa waliopiga walitaja bei za kukejeli. Hatimaye alikuja mwalimu mmoja na fundi wake, asubuhi, jua likiwa upande. Fundi aligonga fenda kwa kifundo cha kidole, akaulizia bati lililochomelewa, akaonyeshwa picha. Walibishana bei mpaka saa nane mchana. Walipokubaliana, ilikuwa ni bei ambayo mama wa nyumba ile hajaisamehe mpaka leo, na amenituma niiseme hapa ili msidhani kwamba wote nyumbani walikuwa watakatifu.